Nyumba Niliyoichagua kwa Masikio

Niliwaacha na treni imelala ubavu. Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita avute kiti, nitamsimulia kwa kifupi, maana hata mimi mwenyewe sina hamu ya kuyarudia.

Mimi ni yule mgonga magurudumu aliyefukuzwa. Miaka kumi na tisa nilitembea kando ya mabehewa nimeshika nyundo yenye mpini mrefu. Nagonga gurudumu, nasikiliza, nagonga jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria kuukuu. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo, kutenganisha kengele na sufuria, na wenzangu wakaniita Sikio.

Nilifukuzwa kwa ajili ya buti. Shirika la reli lilituletea buti za kazi, masanduku kumi na moja, zote za mguu wa kushoto. Tulipolalamika tukaambiwa tuvute subira, za kulia ziko njiani. Zilikaa njiani miaka miwili. Nikaandika barua, nikaibandika kwenye mlango wa meneja, nikauliza kama wakubwa wanadhani sisi tunakwenda kazini kwa kurukaruka kama kunguru. Watu wakacheka. Kesho yake sikuwa na kazi. Naikumbuka siku yenyewe, namkumbuka karani, nakumbuka kwamba mhuri ulikuwa umekauka akaupulizia pumzi ndipo ukashika. Aliyedhulumiwa hasahau. Mwenye kudhulumu ndiye mwenye kichwa chepesi.

Ndipo nikaichagua nyumba hii, hatua arobaini kutoka kwenye reli.

Mke wangu alitaka ile iliyo karibu na bomba la maji, yenye ukuta na mlango wa chuma. Nikamwambia hapana, hii hapa. Mwenye nyumba alikuwa mjanja. Ratiba ya treni aliijua kuliko mkuu wa stesheni, na wapangaji aliwaleta saa zile ambazo reli imetulia. Alituonyesha vyumba mbio mbio huku jicho moja liko kwenye saa yake. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya uani. Akasema twendeni. Nikasema nasubiri treni. Jasho likaanza kumtoka, akaniapia kwamba mtu huzoea, ukimaliza mwezi husikii kitu.

“Siku nikizoea,” nikamwambia, “nitahama.”

Treni ikapita, vioo vikalia, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani. Nikaichukua nyumba siku hiyo hiyo. Alibaki ananitazama kama anayetazama mgonjwa.

Shirika lilininyang'anya nyundo, lakini masikio niliondoka nayo. Kila treni iliyopita niliisikiliza. Nikisikia gurudumu bovu, nawaandikia: treni ya saa fulani, behewa la ngapi, upande gani. Mara nne walikagua, mara nne wakaukuta ufa. Asante sikuipata hata moja.

Sasa mwezi uliopita treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba yangu asubuhi, na dakika ishirini baadaye ikaanguka kwenye kona. Dereva alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye alitoka na mikwaruzo. Msaidizi wake alikufa pale pale. Shirika likasema dereva alikimbiza treni kwenye kona. Shemeji akasema gurudumu lilipasuka. Akawekwa ndani.

Gurudumu la behewa la saba lilikutwa limepasuka kweli. Lakini treni ikianguka, kipi hakipasuki? Kwa hiyo swali likabaki moja tu. Je, ufa ulikuwepo kabla ya kona, ukaiangusha treni, au ufa umetokana na kuanguka? Hakuna aliyeweza kujibu. Isipokuwa, watu wakasema, yule anayekaa pale inapopita.

Hapo ndipo nilipowaacha. Na mji mzima unanitazama masikio.

* * *

Jumatatu alikuja mama mkwe. Hakuligusa jambo mpaka alipomaliza maji yake na kuniuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata walivyozaliwa. Kisha akaweka bilauri chini.

“Baba, siku ile ulikuwepo?”

“Nilikuwepo, mama.”

Akafunika uso kwa mtandio, akalia. Akasema alijua, alijua Mungu hakuniweka kwenye nyumba ya kelele bure. Sikumwambia nilisikia. Nilimwambia nilikuwepo. Lakini mzazi mwenye mtoto gerezani hana haja na maneno yote, hulichukua lile linalomtosha.

Sasa niseme lile ambalo sijapata kulisema. Sikusikia.

Nilikuwa mezani, nimeipa reli mgongo, nakunywa chai. Mke wangu anasema vioo vilitikisika na yeye ndiye aliyenishikia kikombe kisimwagike. Mimi nakumbuka chai ilikosa sukari. Treni siikumbuki. Treni yenye mabehewa kumi na nane, iliyobeba saruji, iliyoendeshwa na shemeji yangu ninayemjua tangu hajaota ndevu, ilipita mgongoni mwangu, na mimi nilikuwa nafikiria sukari.

Tangu lini? Sijui. Kitu kikianza kukulilia unaishika tarehe. Kikiacha, ungejuaje? Niliitafuta barua yangu ya mwisho kwa Shirika, nikakuta ina miezi minane. Miezi minane sijasikia gurudumu hata moja bovu. Na mimi, mjinga, nilikuwa nikiwatangazia watu kwamba Shirika limeniogopa, sasa linatunza magurudumu.

Sikuwa kiziwi. Kijiko kikianguka jikoni nasikia. Jirani akinisengenya ng'ambo ya ukuta nasikia na neno la kujibu ninalo. Ni treni tu. Jumanne nilikaa kwenye ile ngazi ya uani kuisubiri ya abiria. Niliiona kwanza, ndipo nikajua imefika. Ikapita mbele yangu na kelele zake zote, nami nikatega sikio mpaka shingo ikauma. Kengele sikuisikia, wala sufuria. Ni kama mtu anayekuelekeza njia kwa lugha uliyoisahau, unaona midomo inacheza.

Mnataka kujua nililia? Sikulia. Nilikaa pale. Sisimizi walikuwa wanahamisha punje ya mchele, nikawatazama mpaka wakaifikisha.

Jioni nikamwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. Aliniuliza kama nimemwambia mwingine, nikasema hapana. Akamaliza shati, akalilaza juu ya mashati mengine, akalipapasa kama anayelibembeleza.

“Basi sema ulisikia.”

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia mambo mengi, nyinyi mnanijua nikianza. Kwamba maisha yangu yote nimewaita wale waongo, kwenye karatasi, kwenye kuta, kwenye mikutano ya chini ya taa ya stesheni. Kwamba walisema za kulia ziko njiani na hazikuwepo. Kwamba nikisema uongo siku moja, hata kweli zangu zote zitanuka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni msikilizaji kuliko mimi.

“Gurudumu si limepasuka? Limepasuka. Wewe unaongeza saa tu, baba watoto. Saa tu.” Akachukua soksi mbili, akaziviringisha. “Mdogo wangu akifungwa, mama hamalizi mwaka. Na mimi sitaweza kukaa na wewe hapa nasikia hizi treni zako. Maana mimi, kwa taarifa yako, nazisikia.”

* * *

Kamati ilikaa Alhamisi, kwenye bwalo la karakana. Walikuwa wamefuta meza lakini harufu ya maharage ya juzi hawakuweza kuifuta. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani mipana. Pembeni yake mwanasheria wa Shirika, kijana wa viatu vinavyong'aa, vyote viwili, cha kushoto na cha kulia. Niliviangalia.

Wakanihoji kazi yangu, miaka yangu, nyumba yangu. Mwanasheria akasimama, akaniuliza kama ni kweli nilifukuzwa. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama nina kinyongo na Shirika.

“Ninacho,” nikasema. “Lakini mimi ndiye mwenye kinyongo. Masikio hayana.”

Bwalo zima likavuma kwa kicheko. Wafanyakazi walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti akagonga meza, akaniuliza nilisikia nini asubuhi ile.

Nilidhani nitashindwa. Nilidhani ulimi utanifia. Wapi! Maneno yalitoka kama yalikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Nikasema treni ilipita saa moja na dakika kumi. Nikasema behewa la saba, ekseli ya nyuma, upande wa kulia. Shemeji alishaniambia hayo yote siku niliyokwenda kumwona mahabusu. Nikasema lililia kama sufuria. Nikagonga bilauri ya maji kwa kalamu, nikawaambia hiyo ni nzima. Kisha nikaifumbata kwa kiganja, nikagonga tena, ikatoa sauti iliyokufa. Nikasema, hivyo.

Mwanasheria akakaa.

Siku ya pili yake shemeji alitoka. Wakamleta mpaka mlangoni kwangu, na mimi wakaninyanyua juu juu, na mtu akapiga kelele kwamba leo reli imeshitakiwa na sikio la mnyonge. Nilikuwa juu ya mabega ya watu na nikaona paa la nyumba yangu linahitaji bati jipya. Hicho ndicho nilichokiwaza. Niliingoja siku ile miaka sita, tangu nifukuzwe, na ilipofika nikawaza bati.

* * *

Sasa hesabu niliyoisahau ni hii, na nitaisema wazi ili asije mtu akanitetea.

Kama gurudumu lilikuwa na ufa kabla ya kufika kwangu, basi lilitoka yadi na ufa. Na kama lilitoka yadi na ufa, kuna mtu aliyeligonga akalipitisha. Mgonga magurudumu akiridhika na behewa hulitia alama yake kwa chaki ubavuni. Kila mmoja ana ya kwake. Alama ni kiapo. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo.

Wakaenda kulitazama behewa la saba pale lilipolala. Mvua haikuwa imenyesha. Wakakuta mistari miwili na nukta.

Ni alama ya Kimya.

Kimya nilimpokea siku yake ya kwanza kazini, nikamkabidhi nyundo, nikamshika mkono kumwonyesha namna ya kuiachia ijirudie yenyewe. Tulimwita hivyo kwa sababu maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti na njiti zisitolewe. Nilipofukuzwa, yeye peke yake ndiye aliyenisindikiza mpaka getini, akabeba mfuko wangu, asiseme kitu. Nafasi yangu wakampa yeye. Sikumwonea gere.

Jumamosi wakamsimamisha kazi. Wakamwambia ajiandae kushitakiwa kwa kifo cha msaidizi wa dereva. Meneja hakuguswa. Aliyeidhinisha magurudumu yaliyotumika miaka thelathini hakuguswa. Mimi nilirusha jiwe langu ghorofani, kwa nguvu zangu zote, likaangukia kibarazani kwa mwenzangu.

Niliposikia habari hizo nilikuwa nanyoa ndevu. Nikamaliza kunyoa.

* * *

Jumapili mchana nyumba ilijaa. Mama mkwe alikuwa amekuja kumpikia mwanawe, ndugu wametoka walikotoka, sebule haina pa kutia mguu. Shemeji alikuwa amekaa katikati, anasimulia ya mahabusu, na kila akimaliza kisa watu wanamwambia arudie. Alikuwa ameanza kuongeza chumvi. Mnyapara wa asubuhi alikuwa na futi sita, ilipofika saa nane alikuwa na saba.

Kimya akaja kwa mlango wa uani. Mke wangu ndiye aliyemwona. Akamwingiza kimyakimya kwenye chumba cha nyuma, kile kinachopakana na reli, akaja kunigusa bega.

Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha watoto, magoti juu, kofia mkononi. Viatu vyake vimejaa vumbi la kokoto. Nikafunga mlango. Nikakaa kwenye sanduku la nguo.

Hakunilaumu. Ningeomba anilaumu. Aliniambia, kwa vipande vipande kama ilivyo kawaida yake, kwamba behewa la saba anakumbuka. Alilifikia kabla hajala. Aligonga magurudumu yote manane mara mbili mbili, kama nilivyomfundisha. Yote yalilia kengele.

“Kwa hiyo nimejiuliza, mwalimu,” akasema. “Labda nimekuwa mbovu mimi. Labda masikio yameniisha. Maana wewe ukisema umesikia, umesikia.”

Sebuleni walikuwa wanacheka.

Tukakaa. Kimya anajua kukaa, anaweza kukaa na mtu mpaka mtu ajisikie ameulizwa. Nikatazama ukuta. Watoto walikuwa wamechora paka mwenye miguu mitano.

Baada ya muda akainua uso.

“Hii iliyopita sasa hivi, mwalimu. Umeionaje?”

Moyo wangu ungepaswa kuruka. Haukuruka. Nikajua tu kwamba imepita tena, nyingine, nami sina habari. Nikafanya vile vinavyofanywa na kila mtu aliyekwisha kudanganya mara ya kwanza na kuona si kazi ngumu.

“Ni nzima,” nikasema. “Labda behewa la mwisho linahitaji kutazamwa. Ufa hapana. Ni breki inashika.”

Kimya akanitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kama nilivyokuwa nikilitazama gurudumu ninapotaka kuligonga tena kwa uhakika.

“Hakuna kilichopita,” akasema. “Njia imefungwa tangu alfajiri, wanabadilisha mataruma chini ya reli kule kwenye kona. Mimi mwenyewe nimekuja kwa miguu juu ya reli, kutoka stesheni mpaka hapa kwako. Leo treni haijapita hata moja, mwalimu.”

Siku nzima. Watu wazima ishirini ndani ya nyumba, na labda kila mmoja alishajua kwamba leo kuna utulivu. Mpangaji aliyeichagua kwa masikio hakujua.

Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona neno lenyewe ni dogo, halitoshi hata kwa viatu vyake. Nikamwambia kweli yote. Chai, sukari, miezi minane. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Uongo ulikuwa umehitaji bilauri na kalamu, kweli haikuhitaji chochote.

Akaitikia kwa kichwa. Akaivaa kofia, akaivua tena.

“Kesho saa tatu wananiita mbele ya kamati. Mimi si msemaji, unanijua.” Akapangusa vumbi la kiatu. “Sitakusema. Lakini nina mtoto wa miezi mitano. Utasema mwenyewe?”

Kabla sijafungua mdomo, mlango ulifunguka. Mke wangu alikuwa pale. Sijui tangu lini. Alikuwa na upawa mkononi, unadondosha mchuzi sakafuni, wala hakuuona. Alimtazama Kimya kwa muda mrefu, viatu, magoti, kofia.

Nikadhani atamfukuza. Nikadhani ataniambia mimi nikumbuke mama yake, na mwaka ambao mama hataumaliza.

“Baba watoto,” akasema, “nyumba ulichagua wewe. Aliloniambia Jumanne mtu wa tumbo moja nami, nilichagua mimi kulificha. Nimelibeba siku hizi zote, na leo ndio nimemwona anayelilipia.”

Sikuelewa. Jumanne ile, kabla ya kukunja nguo, alikuwa amempelekea mdogo wake chakula mahabusu. Nilijua alipeleka chakula. Sikujua alirudi na nini.

Akageuka kuelekea sebuleni, akaita jina la utotoni la mdogo wake, lile analoitwa na dada yake peke yake. Akamwambia aje mara moja, kuna mgeni.

Shemeji akaja na sahani yake, bado anacheka, bado anamalizia kisa na walio nyuma yake. Akaingia. Akamwona Kimya juu ya kitanda cha watoto.

Kicheko kikamkauka. Akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akamrudia Kimya, na sahani ikaanza kuinama taratibu mkononi mwake mpaka mchuzi ukafika ukingoni.

“Nani kamwambia ya mwendo wangu kwenye kona?” akauliza.

Tukatazamana, sisi wengine watatu. Hakuna aliyekuwa amemwambia Kimya kitu chochote juu yake.